Kikapu cha Kaunta ya Pili

Bisha. Bisha kwa sauti, maana wabishi ninawapenda: huwa wapole haraka. Shule niliiacha mapema, lakini kwa mambo ya majini, profesa wako akae chini nimfundishe.

Dada yangu alikuwa msimamizi wa tawi la saba la yale maduka ya nusu bei, yanayouza kila kitu kuanzia ndoo mpaka soksi. Mkali huyo! Hata mimi na domo langu, akikohoa nilinyamaza.

Jumatatu alikuta kikapu kimeachwa kaunta ya pili. Ndani kuna kitana, sabuni na shuka jeupe. Kampuni ina sheria yake: kikapu kikiachwa, vitu havirudishwi rafuni. Kinabandikwa karatasi ya njano, "Kimehifadhiwa, mwenyewe anarudi," msimamizi anatia sahihi, kinakaa wiki nzima. Dada akasaini. Kosa lake ni hilo tu, na angelifanya msimamizi yeyote wa maduka yale.

Jumanne kikapuni kuliongezeka ndara. Jumatano, mtandio wa zambarau. Na harufu: udi na udongo mbichi, kama kaburi lililofukizwa.

"Dada bosi," akanong'ona mshika fedha wa kaunta ile, mama mmoja mcheshi, "unavaa ndara namba ngapi?"

"Thelathini na tisa. Kwani vipi?"

"Na rangi unayoipenda?"

"Wewe mama, fanya kazi."

"Nafanya. Ila huyu mteja anakuvisha wewe. Posa bado hajaleta?"

Wakacheka. Mshika fedha akaacha kucheka wa kwanza. "Kibandue hicho kikaratasi, mwanangu."

"Wiki haijaisha. Makao makuu watanifukuza."

Alhamisi ni siku ya kupanga upya. Saa saba mchana wateja hutolewa, simu za wafanyakazi huachwa kwenye ndoo nje, mlango wa chuma hushushwa na kufungwa kwa nje ili mali isitoroshwe, na ufunguo hukaa na dereva wa kampuni mpaka saa nane. Siku hiyo walifungiwa wawili tu, dada na mshika fedha.

Wakasikia ndara. Pa, pa, pa, safu ya vyombo.

"Umeacha mteja ndani?" dada akauliza.

"Nimepita kote, haki ya Mungu."

Wakageuka kukitazama kikapu. Kitupu.

Hapo mashine ya kubandika bei ikaanza kulia yenyewe, chaka, chaka, kwanza safu ya mwisho, halafu ya katikati, halafu nyuma ya rafu waliyoiegemea, na ule udi ukawajaa puani mpaka machozi yakawatoka, wakakimbilia mlango wa chuma wakaupiga kwa ngumi, kwa viatu, kwa sufuria za punguzo, wakilia wafunguliwe, na huko nyuma zile ndara hazikuharakisha hata kidogo, zilikuja tu, pa, pa, kama za mtu aliyewekewa kitu chake na hana wasiwasi wa kukikosa.

Saa nane mlango ulipofunguliwa, mshika fedha alitoka kwa magoti. Dada alikuwa amesimama wima, ndara miguuni, shuka mabegani, mtandio kajitanda, nywele za mbele zimechanwa na zinachuruzika maji. Kwenye paji la uso, karatasi ya njano. Sahihi yake mwenyewe.

Tukampeleka kwa mganga. Akasoma, akafukiza, akakung'uta mikono.

"Jini aliyevamia ninamtoa," alisema. "Huyu hakuvamia. Alipewa. Labda aliyesaini afute."

Tukampa dada kalamu. Akaitazama, akatabasamu kwa upole ambao dada yangu hajawahi kuwa nao.

"Aliyesaini ametoka," akasema.

Umenyamaza, eh? Basi ngoja, kuna kipande nilikiruka. Dereva wa kampuni ni mimi. Nilikuwa pale nje, nasikia kila ngumi. Nikaingiza ufunguo kwenye kufuli, na sauti ya dada ikaniambia kutoka ndani, taratibu, karibu kabisa na mlango: "Usifungue, mdogo wangu. Bado hatujamaliza." Na papo hapo, nyuma yake, dada alikuwa analia, ananiita kwa jina langu la utotoni.

Nilijua ipi ilikuwa sauti yake. Nikachomoa ufunguo, nikarudi kukaa garini.