Jiko Lisilo na Moshi Ndani ya Hema Jipya

Kwa mambo ya moto, mimi sidanganyiki. Nipe mkaa uliolowa, nitauwasha. Nipe jiko la aina yoyote, nitajua tabia yake kabla halijashika moto. Nimemaliza kidato cha nne, na kemia nilifaulu vizuri. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijigamba kila mahali, hadi mdogo wangu akanibandika jina: Bwana Makaa.

Na mimi nikampa lake. Nikamwita Sindano. Ni msichana mwembamba, na akikuchoma kwa neno, damu haitoki lakini utakaa nalo siku tatu.

Mama yetu ni fundi wa mahema. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu. Ndani mna cherehani mbili, meza ya kukatia, na marobota ya turubai yaliyopangwa hadi karibu na dari. Mama anakata, mimi nashona, Sindano anapima. Wakati huo hakuwa na daftari. Mteja wa miaka miwili nyuma akipiga simu, Sindano alimjibu huku akitafuna karanga: "Mita tatu kwa nne, mlango upande mfupi, zipu ya kijani. Na ulisema utaleta wateja wengine, hatujawaona."

Mama alikuwa akicheka. "Huyu ndiye kabati letu la mafaili."

Kwetu kuna desturi moja. Hema jipya halimfikii mteja kabla sisi wenyewe hatujashinda ndani yake. Tunalifunga kila upande, tunakaa gizani, tunatafuta vitundu vya mwanga kwenye mishono. Palipo na mwanga, maji yatapita. Na mvua ikinyesha siku hiyo, kwetu ni bahati kubwa. Watu wengine kambini wanailaani mvua, sisi tunaipigia makofi.

Basi, Jumamosi moja tulikwenda kwenye kiwanja cha kupigia kambi, kando ya ziwa. Tulikuwa na hema jipya la watu wanne. Mimi nilibeba pia jiko langu jipya, ndani ya mfuko wake wenye mikanda.

"Hiyo ndoo ya nini?" Sindano akauliza.

"Ndoo? Hili ni jiko la mkaa lisilo na moshi. Tazama ujifunze."

Nikamwonyesha. Kweli lilifanana na ndoo fupi nyekundu. Katikati lina kikombe cha chuma chenye matundu, na mkaa unakaa humo. Chini kuna feni ndogo ya betri inayopuliza hewa. Juu ya kikombe kuna kifuniko, kwa hiyo mafuta ya nyama hayadondoki kwenye makaa. Yanateremka pembeni, kwenye bakuli. Mafuta yasipogusa makaa, moshi hautoki. Nikaliwasha. Kwa dakika chache makaa yakawa mekundu, na upande wa nje ulikuwa bado baridi.

"Liguse," nikasema.

Sindano akaligusa kwa kidole kimoja. "Haa! Haliunguzi."

"Moto mpole huu. Hata mtoto mchanga ungemlaza kando yake."

Niliyasema hayo. Natamani ningekuwa nimeumwa jino siku hiyo, nisiweze kufungua mdomo.

Pembeni yetu kulikuwa na karavani nyeupe. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa akianika taulo. Alitusalimu, tukaitikia. Baadaye tulijua kwamba alikuwa muuguzi, amestaafu, anatembea na nyumba yake nyuma ya gari kama konokono.

Vipande vya kuku vilikuwa havijaiva bado pale mvua ilipoanza. Ilikuwa mchana, kama saa nane.

"Mvua hiyo!" Mama akapaza sauti kwa furaha. "Ingieni mfunge kila kitu! Mimi nitakagua nje, nyinyi kagueni ndani."

Nikalinyanyua jiko kwa mpini wake. Mama akasimama, mwavuli mkononi.

"Na hilo unalipeleka wapi?"

"Ndani, mama. Kuku wataloa."

"Moto ndani ya hema?"

"Halina moshi, mama. Umeona moshi wowote? Na turubai haliwezi kushika moto, liguse jiko uone."

Mama alilitazama jiko, akanitazama mimi. Yeye shule aliiacha darasa la tano, na siku zote aliniamini kwa mambo ya vitabu. "Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Tukafunga zipu ya mlango. Tukafunga madirisha mawili ya juu, tukakaza na kamba. Hema lile nililishona kwa mishono miwili miwili, hata pumzi ya mbu isipite. Nilijivunia sana. Tukakaa gizani mimi na Sindano, tukitafuta vitundu. Feni ya jiko ilinguruma kidogo, kama paka anayekandwa mgongo. Hakukuwa na moshi, macho hayakuwasha, wala hakukuwa na harufu yoyote ila ya kuku.

Sindano hakusema neno. Alijilaza kwenye mkeka, nikadhani ni usingizi wa mvua.

Baada ya muda, nikaanza kusikia kichwa kikigonga. Nikataka kusimama, miguu ikakataa. Niliona chozi la maji likiteremka kwenye mshono mmoja. Nilitaka kusema "Mama, hapa panavuja," lakini ulimi ulikuwa mzito kama turubai lililolowa.

Mama alituita kutoka nje. "Panavuja?"

Kimya.

"Nyinyi! Panavuja au hapavuji?"

Kimya. Mama akafungua zipu.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni kelele zake, na matone ya mvua usoni mwangu. Alikuwa amenivuta kwa mikono miwili hadi kwenye majani. Yule mama wa karavani alikuja mbio bila viatu. Alivuta pumzi nje, akaibana, akaingia, akatoka akimburuta Sindano kwa makwapa.

"Anapumua!" akasema. Akamlaza ubavu. "Dada, piga simu ya dharura. Sema ni sumu ya gesi ya mkaa, watu wawili, mmoja hana fahamu. Na usirudi humo ndani!"

"Nilizime jiko?" Mama akauliza huku akilia.

"Liache! Watu kwanza. Hema litashonwa jingine."

Hospitali walituwekea hewa safi ya oksijeni puani na mdomoni. Mimi nilipata nafuu jioni ileile. Sindano alizinduka kesho yake.

Yule muuguzi alikuja kututazama. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda changu, akaniuliza, "Kijana, nani alikwambia jiko lile linaweza kuingia ndani?"

"Halina moshi," nikajibu. Hata mimi niliona aibu.

"Moshi halina, ni kweli. Gesi je? Mkaa wowote unaowaka unatoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haionekani, hainuki, haiwashi macho. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kukaa kwenye nafasi ya oksijeni. Moshi ni afadhali, maana unakukohoza, unatoka nje. Gesi hii inakubembeleza ulale."

"Kama ningeacha madirisha wazi?"

"Ungejidanganya. Dirisha halitoshi, na upepo unaweza kuirudisha. Mkaa ni wa nje, basi. Si kwenye hema, si kwenye karavani, si kwenye gari, si kwenye kibaraza cha turubai."

"Na ukishapika?" Mama akauliza. "Makaa yakififia, mtu anaweza kuliingiza apate joto?"

"Hapo ndipo wengi wanapokufa, dada. Makaa yanayofifia bado yanatoa gesi. Jiko libaki nje hadi lipoe kabisa, na majivu yapoe kabisa, ndipo ulifunge kwenye mfuko. Kama kuna baridi, vaa sweta."

"Dalili zake ni zipi?" nikauliza.

"Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuwa dhaifu. Mtu akisema kichwa kinauma na moto uko karibu, usibishane naye. Tokeni wote muda uleule, mkae penye hewa, mwite msaada. Zipo pia kengele ndogo za kuigundua gesi hiyo. Mimi ninayo kwenye karavani. Lakini kengele si ruhusa ya kuingiza jiko."

Nilikuwa na kitu cha kumuuliza zaidi. Sikukiuliza.

Daktari alituambia Sindano atapona, lakini polepole, na kwamba kumbukumbu huenda isirudi yote. "Siku ile ya kambi," akasema, "huenda asiikumbuke kabisa."

Karakana ilipofunguliwa tena, mteja wa zamani alipiga simu. Sindano akashika simu, akafungua mdomo, akanyamaza. Alitutazama mimi na mama kama mtu aliyeingia nyumba si yake. Mama akachukua simu. Mimi nikainamia cherehani na kushona kitambaa kisichokuwa na kazi, urefu wa mita nzima. Wiki iliyofuata tukamnunulia Sindano daftari.

Utani ulinipungua. Sikuwa na hamu.

Mama alibadili kazi yetu. Sasa kila hema lina madirisha mawili ya wavu yasiyofungika, kwa ajili ya pumzi za watu, si kwa ajili ya moto. Na mlangoni, kwa uzi mwekundu, ninashona maneno haya kwa mkono wangu: MKAA NI WA NJE, HATA UKIFIFIA. Jiko langu bado tunalitumia. Tunaliweka mahali pa wazi, penye ardhi iliyo sawa, hatua kumi kutoka kwenye hema, na ndoo ya mchanga karibu. Mvua ikija, tunaacha kuku waloe.

Mteja mmoja alitupigia simu kutoka kambini. "Mvua imetunyeshea, jiko liko nje, tumekula mkate mkavu na watoto wananuna. Nimesoma maandishi yenu mlangoni, nikawatukana kidogo." Kisha akacheka. "Lakini tuko wote, wazima."

Mama alizunguka na simu ile karakana nzima, akitaka kila mtu amsikie.

Tangu hapo nimekuwa mwalimu. Kila anayenunua hema, ninamsimulia kabla hajalibeba. Juzi alikuja dereva mmoja wa lori, anataka hema la kwenda nalo kambini na mkewe na watoto. Nikamsimulia yote, hatua kwa hatua. Alisikiliza, kofia mkononi.

"Ubaya wa gesi hii ni kwamba haitoi taarifa," nikamwambia. "Tulikaa mle ndani, na mdogo wangu hakusema neno. Angesema tu, ningetoka naye."

Sindano alikuwa kwenye meza ya kukatia, akipiga mistari kwa chaki. Hakuinua kichwa.

"Nilisema, kaka."

Chaki ikaendelea kutembea juu ya turubai.

"Nilisema kichwa kinaniuma. Ukaniambia ni njaa, kuku wanakaribia. Nikasema tena, nikataka kufungua zipu. Ukanishika mkono, ukasema nitaharibu ukaguzi."

Mama alisimamisha cherehani.

Dereva akanigeukia. "Alisema?"

Nilimtazama mdogo wangu.

"Alisema," nikamjibu. "Mara mbili."