Uzito wa Bakuli

Kila Jumatano nikitoka shule humpitia shangazi yangu, dada yake baba, katika maabara ya chuo. Ananiita Chiriku, kwa kuwa mdomo wangu haupumziki. Yeye hutengeneza unga mweupe wa vigae vinavyostahimili moto mkali. Huyeyusha chumvi ya alumini na urea, ile ile ya mbolea, katika maji kidogo, kisha huingiza bakuli kwenye tanuri. Mchanganyiko hutokota kama uji, halafu huwaka wenyewe. Moto ukizima, unga umefura hadi ukingoni.

Siku hiyo alikuwa mbioni. Kesho yake mkuu wa idara angekuja kuuona unga wa vipimo vyake vipya; usipopatikana, utafiti wa miaka miwili ungefungwa.

"Chiriku, nipimie urea. Weka bakuli, rudisha mizani kwenye sifuri, ndipo umimine."

"Najua, shangazi!" nilijibu, huku nikimsimulia vituko vya darasani.

Tulichungulia kupitia kioo cha tanuri. Moshi wa kahawia ulipanda, ukavutwa na bomba, basi. Moto haukuwaka ng'o. Ndani lilibaki bonge gumu.

Shangazi aliketi kwa unyonge. "Kumbe vipimo vyangu ndivyo vibovu," alisema, akachukua kalamu afute ukurasa wa daftari lake wenye vipimo hivyo, jasho la miaka miwili. Hapo nikakumbuka. Sikuwa nimerudisha mizani kwenye sifuri! Uzito wa bakuli ulihesabiwa kama urea, urea yenyewe ikapungua.

"Mbona Chiriku umemeza ulimi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Usifute, shangazi!" nilisema, machozi yakinitoka. "Kosa ni langu. Nilisahau sifuri."

Aliweka kalamu chini. "Ala! Yaani tumepika bakuli badala ya urea?" Akacheka, akanifuta machozi kwa mkono wa koti lake. "Haya, pima tena. Mdomo likizo."

Nilipima kimya kimya. Safari hii mwali ulilipuka nyuma ya kioo, na unga ukafura, mweupe pe! Shangazi alinikumbatia hadi nikakosa pumzi. Kisha akaandika chini ya vipimo vyake: *Urea imepimwa na Chiriku.*

"Lakini nilikosea," nikanong'ona.

"Ulikosea, ukasema. Kosa la mizani limetugharimu bakuli moja tu, mwanangu. Ungenyamaza, ningefuta miaka miwili kwa mkono wangu mwenyewe."