Mifuniko ya Kinyozi

Ndugu wasomaji, simameni wima. Leo, kwa heshima zote na bila kicheko, linatangazwa penzi kuu kuliko yote, penzi linalostahili kupigiwa saluti na majeshi ya nchi kavu, angani na majini.

Penzi hilo lilianzia kwenye mfuniko wa sufuria. Basi, kaeni tu.

"Mfuniko umekataa tena?" Muuza Vyombo aliuliza, mikono kiunoni.

"Umekataa," Kinyozi akajibu, macho yake yakizikagua ndoo za plastiki.

"Ulikuwa mdogo?"

"Mdogo kidogo."

"Mbona Jumamosi iliyopita ulisema mkubwa?"

"Ule ulikuwa mkubwa. Huu ndio mdogo."

Duka lilikuwa la shangazi yake Muuza Vyombo, chumba kimoja kilichojaa vyombo hadi darini, mabeseni yamening'inizwa mlangoni, na juu ya kaunta kibao: BIDHAA IKISHATOKA HAIRUDI. Kwa sababu ya kibao hicho, kila Jumamosi Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na duka, alimwacha mteja na povu kidevuni, akavuka barabara na kununua mfuniko mwingine. Muuza Vyombo naye alikuwa na fahari moja duniani: mfuniko aliouchagua yeye haukuwahi kukataa sufuria ya mtu. Sufuria ya Kinyozi ilikuwa inamvunjia heshima.

"Hebu nionyeshe kwa mikono ukubwa wake."

Kinyozi akatanua mikono. Akaibana. Akaitanua tena zaidi.

"Jamani! Juzi ilikuwa ya chai, leo unaweza kumwogeshea mtoto?"

"Zipo... zipo nyingi."

Muuza Vyombo akachagua mfuniko, akaugonga kwa ukucha karibu na sikio, akauzungushia gazeti. Kinyozi aliupokea kwa mikono miwili kama anayepokea cheti, akasema, "Asante, dada," akajisahihisha, "Yaani, asante tu," kisha akatoka na kugonga beseni kwa paji la uso.

Muuza Vyombo akabaki anatabasamu.

"Meno hayo umeyaanika juani?" Shangazi aliuliza kutoka nyuma ya chupa za chai.

"Sicheki, Shangazi."

"Nisikilize, mwanangu. Mwanamume hanunui mfuniko kwa akili yake. Mwanamume hununua redio. Ukimwona na mfuniko, ujue katumwa. Na akitumwa kila wiki, aliyemtuma ni mke, tena mkali."

Tabasamu likafa palepale. Sufuria nyingi. Kubwa. Mke, watoto, pengine na mapacha! Kumbe muda wote alikuwa akimchagulia mwanamke mwenzake mifuniko, tena kwa mapenzi! Akaanza kufuta chupa moja ya chai hadi maua yake yakawa hatarini.

"Bwana Jumla anasubiri jibu," Shangazi akaendelea, sasa kwa upole. "Ana ghala, ana gari, vyombo vyote hivi katuletea yeye. Ana kosa gani?"

"Hana. Ila ananiita 'mzigo wangu'."

"Hiyo ni lugha ya biashara."

"Na amesema akinioa sitauza tena. Nitakaa ndani nipumzike."

"Kupumzika nako ni kosa?"

Muuza Vyombo akaitazama mifuniko ukutani, aliyoipanga mwenyewe kwa mkono wake.

"Haya, Shangazi. Akija, nitakubali."

Pembeni, mdogo wake, binti mpole na mtiifu ajabu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, kichwa kimetoka kunyolewa tayari kwa kurudi bwenini, aliendelea kusugua sufuria kimya kama malaika. Simu ya dada yake ilikuwa inachajiwa karibu naye. Hilo tuliache kama lilivyo.

Jumamosi iliyofuata, manukato yaliingia dukani kwanza, Bwana Jumla akafuata.

"Nimepata ujumbe wako, mzigo wangu!" Akainua simu na kusoma: "'Njoo Jumamosi saa nne upate jibu.' Nimekuja na suti."

Muuza Vyombo akamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama Muuza Vyombo. Kila mmoja aliamini ni kazi ya mwenzake. Kabla hawajaulizana, Kinyozi akaingia na aproni yake, kitana mfukoni, simu mkononi.

"Samahani, Mama. Samahani, dada. Umeniandikia..." Akasoma kwa sauti ya mgonjwa: "'Jumamosi saa nne ulete sufuria yenyewe niione. Bila sufuria usikanyage dukani kwangu.'"

Muuza Vyombo hakuwa ameandika hivyo. Lakini lilikuwa swali lake hasa, akaona haya kulikataa.

"Iko wapi?"

"Ime... imeazimwa."

"Na mkeo? Naye kaazimwa?"

"Mke?"

"Anayekutuma mifuniko! Mwambie aje mwenyewe. Nimechoka kumpikia mawazo mwanamke nisiyemjua!"

Bwana Jumla aliangua kicheko hadi kifungo cha suti kikaomba msamaha.

"Sufuria? Huyu? Mimi nanyolewa kwake! Chumba cha nyuma nimekiona kwa macho yangu. Godoro, na mifuniko. Kaitundika ukutani kama picha za ukoo! Sufuria hana hata ya kuchemshia maji. Kichaa huyu, mtoeni!"

Hakuna aliyemtoa.

"Rudia," Muuza Vyombo akasema taratibu.

"Kichaa."

"Kabla ya hapo."

"Hana sufuria."

"Na mke?"

"Mke atamtoa wapi? Anakula mgahawani kila siku, peke yake, kama yatima!"

Muuza Vyombo akamgeukia Kinyozi. Moyo ulikuwa ukipiga kama mtu anayeshusha ndoo kutoka kwenye gari.

"Kwa hiyo ile mifuniko?"

Kinyozi akaitia simu mfukoni.

"Siku ile ya kwanza niliingia kukwepa mvua. Ukaniuliza, 'Nikupe nini?' Nilitaka kusema umependeza. Mdomo ukasema mfuniko. Ukanichagulia, ukaugonga, ukausikiliza, ukacheka. Nikasema, Jumamosi nitarudi. Sasa ningerudi niseme nini? Kwamba mfuniko umeingia vizuri? Ningekuwa nimemaliza shida zangu, nisiwe na sababu ya kurudi tena."

"Ukaniacha nihangaike na sufuria isiyokuwepo!"

"Nisamehe. Nilikuwa nanunua dakika za kuongea na wewe. Mfuniko nilikuwa napewa juu yake."

Muuza Vyombo akapanda stuli, akaishusha sufuria kubwa kuliko zote dukani, akamkabidhi kifuani.

"Shika. Mimi sijawahi kushindwa na mfuniko, sitaanza kwako. Na nikishaolewa, nitaendelea kuuza hapahapa. Umesikia?"

"Nimesikia! Mimi nitakubebea hata kibao!"

"Mama!" Bwana Jumla alifoka. "Unayaona haya?"

Shangazi alikuwa ameshakaa, anajipepea kwa mfuniko.

"Nayaona, baba. Mtu ananunua asichokihitaji, wiki baada ya wiki, hairuhusiwi kurudisha, na hajalalamika hata mara moja. Huyo ataiweza ndoa. Mzigo wako wa ndoo tutaupokea Jumatatu kama kawaida."

Siku ya harusi, majirani walileta sufuria zao za kila umbo, za kuazima, zilizobonyea, hata zilizopoteza masikio. Bi harusi, gauni likiwa limekunjwa magotini, alitoka nje akazifunika zote kwa mifuniko ya Kinyozi. Hakuna hata moja iliyobaki wazi. Wageni wakapiga makofi, naye akainama kidogo kama bingwa aliyerudishiwa taji.

Kuhusu zile jumbe mbili, hadi leo haijulikani ni nani aliyezi...

Samahani. Dada amesimama nyuma yangu. Anasoma. Ameshika mwiko.

Sawa, nakiri. Ni mimi, yule mdogo wake mpole na mtiifu. Niliiona mifuniko siku nilipokwenda kunyolewa nywele za shule, na nilijua Bwana Jumla hana kifua, akiona jambo lazima aliseme. Nilichofanya ni kuwapangia saa moja. Dada, shusha huo mwiko. Shemeji, njoo umshike mkeo!