Bega la Tobia

Mlima uliporomoka saa nne asubuhi, wabebaji wakiwa katikati ya msitu chini ya kijiji chao cha Mgwashi, njiani kwenda hospitali. Miti ilivunjika juu yao, kisha tope likashuka na kumzoa Rubeni, aliyekuwa mbele ya machela. Mgonjwa wao, Tobia, alibwagwa kwenye majani akapiga yowe.

Walimchomoa Rubeni akiwa hai, paja limevunjika. Mdogo wake, Evelina, nesi wa zahanati ya kijiji, alimvua kiatu akashika vidole. Vilikuwa vya baridi. Damu haikuwa ikipita, na mguu ule usingesubiri saa nyingi.

Machela ilikuwa moja. Wabebaji walibaki watatu: Emanueli, Anord na Issa. Simu hazikushika mtandao.

"Mshusheni Tobia, tumpandishe Rubeni," alisema Emanueli.

"Tobia tumbo limekuwa gumu kama ubao," Evelina alisema. "Tukimwacha hapa, anakufa."

"Nesi, huyu amewahi kumbeba nani?"

Jibu lilijulikana. Kijijini kwao wagonjwa hubebwa kwa zamu, kila nyumba inatoa bega. Kila kengele ya kanisa ilipolia kuita wabebaji, Tobia alikuwa na kabichi za kumwagilia. Mama yake Emanueli alipitishwa mlangoni pake akiwa mahututi, na mlango haukufunguliwa. Hata leo walikubali kumbeba kwa sababu Rubeni aliwabembeleza.

Evelina hakuwa malaika, alitaka kumpandisha kaka yake.

"Kaka, yeye atapoteza maisha. Wewe ni mguu."

"Nitaupoteza?"

"Sijui."

Rubeni alifumba macho. "Basi nendeni."

Sindano ya maumivu ilikuwa moja. Evelina alimchoma Rubeni, akamfunga paja kwa fito, akamfunika turubai. Kisha, kwa kuwa bega la nne halikuwapo, akaweka lake.

Walishuka wakiteleza, ukungu umeziba njia. Nyuma yao mlima ukanguruma tena. Issa akasimama.

"Umeangukia wapi?"

"Tembea," Evelina alisema. Juu ya machela Tobia alikuwa analia.

Walirudi kutoka hospitali saa tisa wakiwa na wanaume wanane. Rubeni alikuwa palepale, tope limemfika kiunoni.

"Amefika?" aliuliza.

"Amefika. Yuko hai."

Jioni ile mguu ulikatwa juu ya goti.

Miezi mitatu baadaye kengele ililia. Mwanaisha, jirani yao, alikuwa na uchungu tangu jana na mtoto hatoki. Evelina alipofika kwake, Tobia alikuwa ameshasimama mbele ya machela. Emanueli alimzuia kwa mkono.

"Hapo ni pa Rubeni."

Tobia hakubishana. Alimgeukia Rubeni, aliyeegemea magongo yake, akasubiri. Rubeni alimpima kwa macho kuanzia miguuni.

"Kwenye mteremko, mtu mrefu hukaa mbele," akasema hatimaye. "Mpisheni."

Evelina aligeukia ukuta wa nyumba akalia. Angeulizwa tena leo, angechagua vilevile, na mguu ungekatwa vilevile. Alijifuta uso kwa kanga, akachukua mkoba wake, akawafuata.