Mfuko Uliochemka Bila Moto

Fundi viatu alibandua mdomo wa mfuko wa mahindi ya mbegu, akatia mkono ndani, akautoa upesi. Kulikuwa na joto. Hii ilikuwa mara ya tatu.

Kwanza alisema joto linatoka jikoni, akauhamisha mfuko. Kisha akalilaumu dirisha, akauhamisha tena. Sasa ulikuwa kwenye kona yenye baridi, na joto halijapungua. Fundi alichanganyikiwa. Mbegu zikiharibika, msimu ujao watapanda nini?

"Mama watoto, nani kawasha moto humu?"

"Moto gani huo usio na moshi?" mkewe alijibu. "Kamuulize jirani. Kuuliza si ujinga."

Jirani yao, mama mmoja, alikuwa mtunza ghala. Alikuja, akautazama ule mfuko wa nailoni. Mdomo wa mfuko ulikuwa umezibwa tena kwa gundi ya viatu.

"Shemeji, hii kazi ya nani?"

"Yangu," Fundi alisema, akijivuna kidogo. "Mvua ilitukimbiza, tukavuna mabichi. Nikaziba ili unyevu usiingie."

"Unyevu umeufungia ndani. Mbegu ni kitu hai, inapumua."

"Inapumua? Na pua iko wapi?"

Jirani alicheka. "Pua haina. Ila kila punje ina seli nyingi, ndogo mno, huzioni kwa macho. Seli huchukua sukari iliyomo kwenye punje na oksijeni ya hewani. Hapo hupata nishati ya kuishi, na hutoa kabonidioksidi, maji na joto. Hata seli zako wewe. Ukigonga soli sana, si unapata joto?"

"Napata."

"Basi ndiyo hivyo. Mbegu kavu hupumua polepole, mbichi hupumua mbio. Joto na maji vikizidi, ukungu unaingia, mbegu inakufa."

Fundi alikuna kichwa. Hayakumwingia yote, lakini aliona aibu. Kumbe alikuwa akiziua mbegu zake huku akizilinda.

Siku hiyohiyo walichambua punje zenye ukungu, wakazitupa. Hata kuku hawakupewa. Zilizobaki walizianika juani siku nne. Kisha jirani alitia punje chache na chumvi kavu kwenye chupa kavu, akatikisa. Chumvi haikunata kwenye chupa.

"Zimekauka," alisema. "Sasa tujue kama ziko hai."

Mke wa Fundi alifunga punje kumi kwenye kitambaa chenye maji. Fundi akawa anakichungulia kila mara, kazi haiendi. Siku ya tano punje nane zilikuwa zimeota.

"Nane zinapumua," Fundi alisema, machozi yakimlenga.

Walizitia mbegu kwenye gunia la katani, wakaliweka juu ya mbao. Fundi akatia mkono. Hakukuwa na joto.

Mkewe alimnyang'anya kopo la gundi. "Hii irudi kwenye viatu, baba watoto. Viatu havipumui."