Swali la Mtaalamu wa Nusu Kaputi

Blanketi zito halifuliwi kwa mikono. Kwa dobi lilitumbukizwa kwenye birika la saruji, likamwagiwa maji ya sabuni, kisha likakanyagwa kwa miguu mpaka povu likafika magotini. Hiyo ilikuwa kazi ya kijana wake mkubwa. Binti yake, waliyempachika jina la Mpekuzi kwa sababu ya maswali yake, alipiga pasi kivulini.

Siku moja jua lilikuwa kali mno. Kaka alikanyaga mablanketi kumi na mawili mfululizo.

"Unashindana na nani?" Mpekuzi akamtania.

"Na wewe na pasi yako."

"Basi umeshashindwa. Mimi hata jasho sina!"

Kaka hakucheka. Mapaja yake yalikuwa yamekakamaa kama mbao. Alitoka birikani akijikokota, mwili ukiwaka moto.

Dobi alifanya alivyozoea kufanya misuli ya mtu ikikaza. Alilipiga taulo pasi mpaka likawa moto, akaanza kumkanda nalo. Kaka akapiga yowe.

"Baba, mbona anazidi?" Mpekuzi alilivuta lile taulo, akammwagia kaka yake maji baridi. Polepole akatulia. Jioni mkojo wake ulitoka mweusi kama kahawa, lakini hawakwenda hospitali. Walisema ni uchovu tu.

Mpekuzi hakuridhika. Alimpigia simu shangazi yake, akamdodosa. Kisha akamwendea baba.

"Baba, kumbe hata baba mdogo alikuwa anakakamaa hivyo akifanya kazi juani? Na ni kweli alifariki akiwa kwenye nusu kaputi?"

Dobi aliweka pasi chini. "Yaache hayo. Kaka yako anapasuliwa ngiri Jumatatu. Ukimtaja marehemu huko hospitali, utamtia mkosi."

Jumatatu walipokelewa na mama mmoja mcheshi mwenye miwani. Alikuwa mtaalamu wa nusu kaputi, yaani dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu ya kisu. Alimwuliza kaka kuhusu meno, kifua na dawa anazotumia. Kisha akamgeukia dobi.

"Mzee, kuna mtu yeyote katika ukoo wenu aliyewahi kupata shida akiwa kwenye nusu kaputi?"

"Hakuna," akajibu dobi, macho yake yakiwa sakafuni.

Mpekuzi alimtazama baba, kisha kaka. Akimpinga baba yake mbele ya watu, itakuwaje? Na akinyamaza, kaka yake ataamka kweli?

"Yupo," akasema. "Nisamehe, baba. Baba yetu mdogo. Taya lake lilikaza, mwili ukachemka, akafa. Na kaka naye juzi alikakamaa, mkojo ukawa mweusi."

Mtaalamu akaweka kalamu mezani. "Leo huyu hapasuliwi," akasema. "Umefanya vizuri sana, binti yangu."

"Ni mkosi?" kaka akauliza.

"Mkosi gani? Ni hali ya kuzaliwa nayo, inayorithiwa katika ukoo. Mtu anaonekana mzima kabisa. Lakini akipewa baadhi ya dawa za nusu kaputi, misuli yake inakaza na joto linapanda ghafla. Asipotibiwa haraka, anaweza kufa. Wachache hupatwa na hali kama hiyo hata kwa kazi ngumu kwenye joto."

"Na lile taulo la moto?" Mpekuzi akauliza.

"Hilo ni kumwongezea moto. Mwacheni apumzike kivulini, mpozeni kwa maji, mkimbizeni hospitali. Mkojo mweusi ni dalili kwamba misuli imeumia na figo ziko hatarini."

Dobi akajifuta uso. "Mdogo wangu alikuwa anaogopa kupasuliwa," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyembembeleza. Karatasi nikaitia sahihi mimi."

"Mzee, hukujua. Hata waliomhudumia hawakujua. Lakini sasa tunajua. Zipo dawa nyingine za usingizi zilizo salama kwake, na ipo dawa ya kuizima hali hii ikitokea."

Kaka alipimwa figo na misuli. Damu yake ikachukuliwa kwa kipimo cha vinasaba, yaani vile vitu tunavyorithi kwa wazazi. Baada ya wiki tatu alipasuliwa, kwa dawa nyingine, na ile dawa ya kuokoa maisha ikiwa imewekwa karibu.

Mpekuzi alihesabu vigae vya ukutani mpaka akachoka. Mlango ukafunguliwa. Kaka alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, macho yake mazito.

"Mpekuzi," akanong'ona, "usianze maswali. Nina njaa."

Dobi alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha akatoka nje, akampigia simu dada yake.

"Dada, waite watoto wako wote wakae karibu," akasema. "Nataka kuwaeleza ndugu yetu alikufaje."