Nani Atanisindikiza?

Kiti cha kona kilikuwa kimevutwa nje, kama mtu anavyokivuta akitaka kukaa.

Orpha alikirudisha chini ya meza, akageuka kuchukua bakuli la sombe, majani ya muhogo kama yanavyopikwa kwao Bukavu, na alipotazama tena kilikuwa nje. Walikuwa wamerudi Birmingham jana yake tu, miguu bado imevimba kwa safari ndefu ya basi la watalii, na mama yake, Denise, alikuwa akibandika kwenye friji kadi walizonunua njiani: kanisa kuu la Koln, mifereji ya Brugge, na picha moja ya kuchorwa waliyoiona kwenye jumba la makumbusho la mji mdogo wa Ubelgiji.

Picha hiyo ilionyesha watu wa zamani wamezunguka meza, nguo nyeusi, kola nyeupe pana. Mbele yao mkate na samaki, lakini hakuna aliyekuwa anakula. Pembeni palikuwa na kiti kitupu. Wote walitazamana, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye uso mweupe kama unga wa muhogo. Yeye alitazama nje ya picha.

Siku ile mvua iliwafungia ndani ya makumbusho. Nabintu, kitinda mimba wa nyumba, alianza kulia njaa, na Denise akatoa chapati mkobani kwa siri, wakala wamesimama, wakijificha kwa mlinzi. Orpha aliona haya mbele ya macho ya yule mwanamke. Tangu utotoni alifundishwa kwamba mtu akikukuta unakula, humwachi akutazame hivi hivi. Basi aliinua kipande chake, akacheka, akasema:

"Karibu tukule, mama."

Baba yake, Ignace, alicheka mpaka mlinzi akageuka. "Huyo muzungu alishakufa zamani, Orpha. Hawezi kukumalizia chapati."

Jioni hii, nyumbani kwao Bordesley Green, hakuna aliyecheka. Walipoanza kula, harufu ya mshumaa uliozimwa ilipita juu ya meza, na bugali ikawa kama udongo kinywani. Nabintu aliisogeza sahani yake kuelekea kile kiti. Akasema kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia tu, hakukijibu, kwamba yule mama ana njaa sana.

"Mama gani?" Denise aliuliza.

Mtoto alimnyooshea dada yake kidole. Yule, alisema, aliyeitwa na Orpha.

Tangu hapo kiti kilivutwa kila chakula kilipopakuliwa. Sahani ya Nabintu ilikwisha bila yeye kutia kitu mdomoni. Mashavu yake yalibonyea, mbavu zikahesabika chini ya fulana ya shule. Hospitalini walimpima damu, wakampima mkojo, wakasema hawaoni ugonjwa. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba mpaka sauti zikakauka, na kwenye kiti kitupu sauti nyembamba ikaitikia "Amina" pamoja nao. Hawakurudi tena.

"Ni mimi, papa," Orpha alinong'ona. "Mimi ndiye nilimuita."

Ignace hakumpa neno la kumfariji. "Ndiyo," alisema. "Ni wewe."

Jirani yao Raksha, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, alikuja na kikombe cha chai mkononi, akaishia mlangoni. Alinusa. Hakutaka kuingia.

"Huyo si mwizi mumfukuze," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mgeni. Nyanya yangu alikuwa anatuambia, jini lililokaribishwa halisikii maombi. Linasikia aibu. Kuleni mkilipa mgongo. Msilitazame, msiliambie karibu. Litachoka, litatoka."

"Na mutoto?" Denise aliuliza. "Yeye ndiye anamupa chakula."

"Basi mtoto asipewe sahani. Mlisheni kando, jikoni. Na akilia mkiwa mezani, msigeuke, dada yangu. Hata akilia."

Wakageuza viti vyao, wakawa wanakula wakitazama ukuta, sahani mapajani. Nabintu alikaa sakafuni nyuma yao akilia na kuwasihi wamwonee huruma yule mama, na Denise alitafuna huku machozi yakimdondokea kwenye bugali. Nyuma yao walisikia kucha zikikwaruza meza, kisha mtu akilamba sahani tupu, kisha pumzi baridi yenye harufu ya nta ikawajia shingoni, ikatoka kwa baba ikaenda kwa mama, ikatoka kwa mama ikasimama kwa Orpha, ikakaa hapo, ikimsubiri aseme lile neno alilolisema siku ile kwa kicheko, naye akauma ulimi mpaka akaonja damu, kwa sababu alijua akilisema mdogo wake atakufa.

Jioni moja kiti kilirudishwa chini ya meza, taratibu, kwa adabu. Nyayo zikaelekea mlangoni.

"Asanteni kwa chakula," sauti ilisema, kwa Kiswahili cha Bukavu, kama cha Denise mwenyewe. "Niko naenda. Nani atanisindikiza?"

Hawakugeuka. Denise alifumba macho kwa shukrani.

Jambo hilo Raksha hakulitaja, na wao hawakulikumbuka. Kwao mgeni hatoki peke yake. Husindikizwa mpaka barabarani. Na katika nyumba ile, kazi hiyo ilikuwa ya Nabintu. Kila mgeni alipoaga, yeye ndiye aliyemshika mkono mpaka kituo cha basi, mama yake nyuma, na kila mtu alimsifu kwa malezi mema.

Walisikia viatu vidogo vikikimbia. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, mlango ukafungwa.

Orpha alipofika nje, barabara ilikuwa na manyunyu tu, na basi tupu likipita.

Polisi walikuja na mbwa. Mbwa walinusa mpaka jikoni, wakalala mbele ya friji, wakilia.

Ndipo Orpha alipoitazama ile kadi. Kile kiti hakikuwa kitupu tena. Alikaa mtoto, amewapa mgongo Orpha na wazazi wake, na kwenye nywele zake shanga za manjano ambazo Orpha alimsukia kwa mikono yake. Yule mwanamke hakutazama nje tena. Alimtazama mtoto. Na watu wa meza ile, kwa mara ya kwanza, walikuwa wanakula, ingawa mkate na samaki havikuguswa.

Ignace alitaka kuichoma. Denise aliikumbatia, kisha akaibandika tena kwenye friji.

Jioni iliyofuata alipakua chakula kama kawaida. Kutoka kwenye friji sauti ya mtoto ilisema, kwa Kiswahili ambacho Nabintu hakuwahi kukisema:

"Mama, niko na njaa."

"Usijibu," Orpha alimsihi, akimshika mkono. "Mama, nakuomba. Hatakuja peke yake."

"Ni mutoto wangu," Denise alisema. "Nilimupa mgongo akilia. Unataka nimupe mgongo tena?"

Akajitoa mkononi mwake, akaigeukia friji, akatabasamu.

"Karibu, mwanangu. Karibu tukule."

Viti vyote vya meza vikavutwa kwa pamoja, hata kile alichokalia Orpha.